Miaka 17 ya Darasani na Ile Inayofuata

Swali la nchi ipi hutoa wahandisi bora huulizwa zaidi katika miji mikuu na katika vyuo vikuu vinavyogombania nafasi kwenye orodha za kimataifa, lakini ni vigumu kutaja mahali ambapo swali hilo lina uzito wa kila siku kuliko Arua na Koboko, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda ambako mipaka ya nchi 3 hukutana. Ofisi ya ujenzi ya halmashauri, shirika linalochimba visima katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi au Lobule, na mkandarasi mdogo anayetafuta msimamizi wa kazi, wote huweza kupokea maombi ya watu waliosoma Kampala, Juba, Khartoum, Bunia, na pengine India au China, kila mmoja akiwa na cheti kilichoandikwa kwa lugha na utaratibu wake. Anayeajiri hana budi kulinganisha hata kama hana kipimo, na asiye na kipimo hushika kwanza jina la nchi lililopigwa muhuri kwenye karatasi. Jina hilo ni kipimo dhaifu, kwa sababu kinachowatenganisha wahandisi wa nchi mbalimbali hakizaliwi hasa darasani bali katika miaka michache inayofuata, na West Nile, eneo lenye miji hiyo miwili, lililojengewa barabara na laini za umeme kwa fedha nyingi za mkopo na msaada, limeiacha miaka hiyo ipite bila kuwafaidi vijana wake.

Hesabu ndogo inatosha kuanza. Mwanafunzi wa Uganda husoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya kawaida, 2 ya sekondari ya juu na 4 ya shahada ya uhandisi, jumla 17, na Tanzania imefuata mpangilio uleule. Kenya, kwa mfumo wa 8-4-4 ambao sasa unaondoka, ilimpa mwanafunzi miaka 8, kisha 4, kisha 5, kwa kuwa uhandisi uliongezewa mwaka mmoja kuliko shahada nyingi, na jumla ikawa 17. Kongo nayo, kabla ya mageuzi ya karibuni ya vyuo vyake vikuu, ilikuwa na 6 ya msingi, 6 ya sekondari na 5 ya chuo kikuu, ambayo ni 17 vilevile. Kwa hiyo Mkenya anayejivunia shahada ya miaka 5 mbele ya Mganda wa miaka 4 husahau kwamba mwenzake alikwisha pitia sehemu ya hisabati na fizikia ya mwaka wa kwanza akiwa kidato cha 5 na cha 6. Nchi 4 zilizorithi shule zao kwa watawala tofauti zilifika mahali pamoja bila kukubaliana, na jambo hilo peke yake lingepaswa kuwatia shaka wanaodhani kwamba tofauti ya wahandisi inasomeka katika urefu wa masomo.

Takwimu za jumla hazisaidii zaidi. Mwaka 2005 magazeti na wanasiasa wa Marekani walikuwa wakirudia kwa hofu kwamba China hutoa wahandisi 600,000 kwa mwaka, India 350,000, na Marekani yenyewe 70,000 tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, wakiongozwa na Gary Gereffi na Vivek Wadhwa, walipofuatilia chimbuko la tarakimu hizo waliona kwamba hesabu ya China ilichanganya wenye shahada ya miaka 4 na wenye stashahada za miaka 2 au 3, na kwamba hapakuwa na fasili moja ya mhandisi, kiasi kwamba huenda hata makanika wa magari alihesabiwa. Walipolinganisha shahada kwa shahada, masomo ya kompyuta yakiwamo, mwaka 2004 Marekani ilikuwa na wahitimu takriban 137,000, India 112,000 na China 351,000, picha iliyo tofauti kabisa na ile ya awali. Wakaongeza pia mgawanyo wenye manufaa zaidi kuliko tarakimu zote, kati ya mhandisi mtatuzi, anayeweza kulifikiria tatizo lisilo na jibu kitabuni na kuwaongoza wengine kulitatua, na mhandisi mtekelezaji, anayefanya kwa usahihi kazi iliyokwisha kupangwa na mwingine. Aina zote mbili zipo katika kila nchi, na mara nyingi zimetoka chuo kimoja.

Ulinganishaji rasmi wa kimataifa umejengwa juu ya ithibati, yaani uthibitisho wa chombo huru kwamba programu fulani ya masomo imefikia viwango vilivyokubaliwa. Mkataba wa Washington wa mwaka 1989 ulianza na nchi 6 zinazotumia Kiingereza, ambazo ni Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia na Nyuzilandi. Afrika Kusini iliingia mwaka 1999, India mwaka 2014 na China mwaka 2016, na ikafuata mikataba ya Sydney mwaka 2001 na Dublin mwaka 2002 kwa ngazi za wanateknolojia na mafundi sanifu. Faida yake ni kubwa, lakini kinachopimwa ni programu, si mtu, na kutambuliwa kwa programu hakumpi mhitimu haki ya kutia saini mchoro wa daraja. Haki hiyo hutolewa na bodi za usajili, ambazo kwa Uganda zimesimama juu ya sheria ya mwaka 1969, na ndiyo sababu makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaliyotiwa saini mwaka 2012 na bodi za Kenya, Tanzania na Uganda yalihusu kutambuliana kwa wahandisi waliokwisha kusajiliwa. Kwa mkazi wa Koboko, hata hivyo, makubaliano hayo yana kichekesho chake, kwa kuwa yanamfungulia mlango mhandisi wa Mombasa aliye mbali zaidi ya kilomita 1,000, ilhali majirani wake wawili wa karibu, Sudan Kusini iliyoingia katika Jumuiya mwaka 2016 na Kongo iliyoingia mwaka 2022, hawakuwamo mezani.

Historia inaeleza kwa nini majirani hao hawafanani. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, vijana 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika, lakini kadiri ilivyopanda hadhi ndivyo ufundi ulivyoshushwa ngazi na kuhamishiwa kwingine, na kwa muda mrefu kijana wa Uganda aliyetaka shahada ya uhandisi katika Afrika Mashariki alilazimika kwenda Nairobi, katika chuo cha ufundi cha kifalme kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1956. Makerere ilipata kitivo chake cha teknolojia mwaka 1970, na Dar es Salaam ikapata cha uhandisi mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani. Wabelgiji walishika njia nyingine, wakajenga ngazi pana ya mafundi huku wakiuziba mlango wa juu, hata Kongo ikaingia katika uhuru mwaka 1960 ikiwa na wahitimu wachache mno wa chuo kikuu, wa kuhesabika kwa makumi. Alama ya njia hiyo haijafutika, kwa maana sekondari ya Kongo bado ina mikondo ya ufundi, umeme na umakanika miongoni mwake, ambayo mwanafunzi huimaliza akiwa na diploma ya taifa. Kijana wa Aru au Ariwara anayevuka kuja Arua akiwa na umri wa miaka 18 aweza kuwa ameshika mashine kwa miaka kadhaa, wakati mwenzake wa Arua mwenye umri uleule na alama za juu za fizikia hajapata kuifungua hata moja. Lakini ngazi ya Uganda haina kipandio kinacholingana vizuri na yule wa kwanza, na hivyo hupangwa chini kuliko anavyostahili au huambiwa aanze upya.

Tofauti ya mafunzo huonekana wazi katika jambo lisilojua mipaka, yaani udongo. Changarawe nyekundu ambayo madereva wengi huiita maramu ni ileile upande huu na ule wa mpaka wa Vurra, na pande zote mbili hupimwa kwa jaribio la CBR, ambalo huloweka sampuli ya udongo uliosindiliwa kwa siku 4, kisha hupima nguvu inayohitajika kuuingiza mchi wa chuma ndani yake, ili kujua udongo huo utabeba nini mvua zikishanyesha. Lakini mhandisi aliyefunzwa katika mapokeo ya Kiingereza hufungua mwongozo wa Waingereza wa barabara za nchi za joto, ule unaojulikana kama Road Note 31, na aliyefunzwa kwa Kifaransa hufungua ule wa CEBTP wa Paris, na unene wa tabaka wanaoupata huenda usiwe mmoja. Mhandisi mtekelezaji atatetea mwongozo wake kama dini. Mtatuzi atataka kujua miongozo yote miwili ilitungwa kwa magari ya uzito gani, kisha ataenda kusimama kando ya barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye kilomita 92, na kuangalia malori yanayoelekea Sudan Kusini na Kongo yamebeba nini kwa kweli. Shule haifundishi kusimama huko. Hufundishwa na mhandisi mkubwa anayemtuma mdogo, na anayemrudisha tena akileta hesabu isiyoingia akilini.

Umeme unatoa mfano wa karibu zaidi. Kwa zaidi ya miaka 20 West Nile ilikuwa kisiwa cha umeme, yaani mtandao mdogo usioungana na gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECO ilipewa eneo hilo mwaka 2003, ikaendesha mitambo ya mafuta, kisha kituo kidogo cha maji cha Nyagak karibu na Paidha, chenye megawati 3.5, kikaanza kazi mwaka 2012, na laini kubwa ya kilovolti 132 kutoka Lira kupitia Gulu na Nebbi ilifika Arua mwaka 2024. Katika miaka hiyo ya kukatika na kuyumba kwa umeme walizaliwa mafundi wa jenereta na wa kusuka mota ambao hakuna chuo kinachoweza kudai kuwa kiliwafunza. Anayesuka mota ya pampu iliyoungua huhesabu kwanza mizunguko ya waya katika kila koili ya zamani, hupima unene wa waya kwa maikromita, hupima hata uzito wa shaba aliyoitoa, kisha husafisha mifereji ya chuma, hupachika karatasi ya kuhami, husuka upya kwa hesabu ileile, hufunga kwa uzi, humimina vanishi na kukausha. Kazi hiyo ni ya ustadi wa hali ya juu, na wahitimu wengi wa shahada, wa Kampala au wa London, wasingeiweza.

Hata hivyo hapo ndipo mpaka wa ustadi unapoonekana. Msukaji hunakili alichokikuta, na ikiwa aliyesuka kabla yake alikosea hesabu, kosa hurithiwa. Wala swali la kwa nini mota iliungua si la kwake. Aliyefunzwa kanuni anajua kwamba mizunguko ya waya hutokana na volteji, masafa ya umeme na eneo la chuma, na kwa hiyo anaweza kuikokotoa upya hata kibati cha mota kikiwa kimepotea. Anajua pia kwamba mota inayobebeshwa mzigo uleule kwenye volteji iliyoshuka huvuta mkondo mkubwa zaidi na kujipasha moto hadi ikaungua, na kwamba fezi moja ikikatika kati ya 3 matokeo ni mabaya zaidi. Ataagiza relei ya kinga ya bei nafuu na kuokoa kusukwa kwa mota mara kadhaa. Lakini mhandisi huyo akiwa hajapata kuona mota ambayo koili za baadhi ya fezi zimeungua na nyingine zimebaki nzima, asingejua kwamba tofauti hiyo ndiyo ushahidi wa fezi iliyopotea. Ubora unaozungumzwa hapa unapatikana pale wawili hao wanapofanya kazi kwenye meza moja kwa muda wa kutosha, na nchi zinazosifiwa kwa wahandisi wake ni zile zilizopanga meza hiyo iwepo na zikaamua ni nani atakayeilipia.

Ujerumani huilipia kupitia viwanda, ambavyo humpokea mwanagenzi kwa mkataba huku akisoma shuleni siku chache za juma, na ambavyo vyuo vyake vya sayansi tumizi hushirikiana navyo kwa karibu. Ufaransa ilichagua kuchuja mapema: École des Ponts et Chaussées, chuo cha madaraja na barabara, kilianzishwa mwaka 1747 kwa ajili ya utumishi wa dola, na mhitimu wa vyuo vya namna hiyo bado hukabidhiwa madaraka akiwa kijana. Uingereza iliachia zaidi vyama vya wanataaluma. Karibu na nyumbani, mfano wa kuheshimiwa ni wa Tanzania, ambako Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo ya vitendo wa miaka 3, unaompa mhitimu mhandisi mlezi, daftari la kazi na malengo ya kila kipindi kabla hajaomba usajili kamili. Na Norway ilipochangia fedha ili wanawake wengi zaidi wapite katika mpango huo, ilikuwa ikilipia hasa meza ile. Uganda ina sharti la uzoefu chini ya usimamizi, na wanafunzi wake huenda kwenye mafunzo ya viwandani kwa wiki kadhaa za likizo, lakini baada ya shahada kijana hujitafutia mlezi mwenyewe. Katika Kampala atampata. Katika Koboko, karibu kilomita 550 kutoka hapo, atampata kwa bahati.

Bahati hiyo ni finyu kwa sababu wazee wa taaluma hawapo. Wilaya nyingi za pembezoni mwa Uganda zimeishi kwa miaka na mhandisi wa wilaya aliye kaimu, na ingawa serikali ilipandisha mishahara ya wanasayansi mwaka 2022, nyongeza hiyo iliongeza hamu ya kushika kiti bila kuleta magari ya ukaguzi, maabara ya udongo wala vijana wa kufundishwa. Miradi mikubwa ndiyo yenye vitu hivyo vyote, lakini inaendeshwa kwa namna isiyoacha kitu nyuma. Mkandarasi kutoka China huja na wapimaji, mafundi wa lami na wasimamizi wake, na si ajabu kumkuta miongoni mwao mhitimu wa miaka 2 au 3 iliyopita akiwa amekabidhiwa kilomita nzima ya barabara. Kijana huyo anakuwa mhandisi mbele ya macho ya watu wa West Nile, kwa kukosea na kusahihishwa na mkubwa wake, wakati mwenzake Mganda mwenye shahada inayolingana na yake anahesabu malori ya kifusi au anatafsiri maagizo kwa vibarua. Mwongozo wa manunuzi unaotaka angalau asilimia 30 ya kazi za mkandarasi wa kigeni zigawiwe kampuni za nyumbani umesaidia, ila fungu hilo huishia mara nyingi katika kokoto, mifereji na ulinzi, mambo yasiyomwongezea mhandisi chochote.

Karuma, ambayo wasafiri wengi wa Arua kwenda Kampala huipita, inaonyesha gharama ya jambo hilo upande wa mwenye mali. Bwawa hilo la megawati 600 lilijengwa na kampuni ya China, likasimamiwa kwanza na washauri kutoka India ambao waliondolewa, kisha na washauri wa Ulaya, baada ya nyufa na kasoro nyingine kuripotiwa mwaka 2016, na likazinduliwa rasmi mwaka 2024. Ni rahisi kulaumu ubora wa Wachina au wa Wahindi, na lawama hizo zilisikika sana, ingawa nchi hizohizo zimejenga kwao mabwawa makubwa kuliko hilo. Kilichopungua ni kundi la kutosha la wahandisi wa mwenye mali, waliowahi kusimamia zege la ujazo kama ule, wenye mamlaka ya kusimamisha kazi siku ileile kasoro inapoonekana badala ya kuiandikia ripoti. Mkandarasi wa taifa lolote hujenga kwa kiwango anachodaiwa.

Kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa, nalo ni kwamba kutukuza mafunzo ya kazini kwaweza kuwa kisingizio cha vyuo vibovu, ambavyo hupokea wanafunzi wengi kuliko viti vya maabara na kuwaachia waajiri wafanye kazi ambayo vyuo vimelipwa kuifanya. Pingamizi hilo lina ukweli, na India ni ushahidi wake mzuri: nchi moja ina taasisi za teknolojia kama ya Kharagpur, iliyoanza mwaka 1951 na ambayo wahitimu wake wametawanyika katika kampuni kubwa za dunia, na papo hapo ina vyuo vingi ambavyo wahitimu wake wengi hawawezi kuandika programu fupi ya kompyuta. Msingi wa hisabati ukikosekana, miaka 10 ya kazini humzoesha mtu kurudia makosa kwa kujiamini. Hata hivyo ushahidi huohuo unaangusha kabisa tabia ya kupima mtu kwa nchi, kwa kuwa umbali kati ya chuo bora na chuo hafifu ndani ya India ni mkubwa kuliko umbali wowote kati ya Kampala na Nairobi.

Kwa Arua na Koboko, pengo lililo wazi zaidi liko chini ya shahada. Wapangaji wa Tanzania hupenda kutaja uwiano wa mhandisi 1 kwa mafundi sanifu 5 na mafundi stadi 25. Fundi sanifu ndiye mwenye stashahada, anayeweza kusoma mchoro na kuupima udongo, na stadi ndiye mwenye mkono wa kazi. Vyuo vya ufundi vya ngazi ya stashahada vya serikali ya Uganda vimekuwa 5, vya Elgon, Lira, Bushenyi, Kichwamba na Kyema, na hakuna kilichowekwa West Nile. Chuo Kikuu cha Muni kilipoanza Arua na wanafunzi wake wa kwanza miaka ya mwanzo ya 2010 kilijaza pengo la heshima, yaani la shahada, huku lile la ngazi ya kati likibaki wazi. Kuna nafuu ndogo katika mitihani ya serikali ya ufundi stadi, inayompa cheti mtu aliyejifunzia kazini hata kama hakusoma sana. Msukaji mota wa soko la Arua, au mkimbizi wa Lobule aliyekuwa fundi umeme kwao Kongo, anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake na kutambuliwa. Cheti hicho, hata hivyo, kinathibitisha alipofika mtu, hakimpandishi.

Barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo, yenye kilomita 105 na inayogharimiwa na Benki ya Dunia, inatoa nafasi ya kupanga meza iliyokosekana kwenye ile ya Oraba. Mikataba ya namna hiyo ina kurasa nyingi juu ya mazingira, fidia na usalama wa wafanyakazi, na zote ni za haki; kuongeza ukurasa mmoja unaodai kwamba kila msimamizi wa sehemu awe na mhitimu mmoja wa Afrika Mashariki na fundi sanifu mmoja kama manaibu wenye jukumu lililoandikwa, si watazamaji, na kwamba daftari zao zikaguliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Uganda kabla malipo ya kipindi hayajatolewa, kungegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya lami. Maabara ya udongo ya mradi, ambayo kwa kawaida hufungwa na vifaa vyake kusombwa kazi inapokwisha, ingeweza kukabidhiwa Muni au chuo cha ufundi cha wilaya kwa sharti lililotiwa saini tangu siku ya kwanza. Wahandisi wa Sudan Kusini na Kongo waliomo katika makazi ya Koboko, Yumbe na Terego wangeweza kuingizwa katika mpango huohuo na kupimwa kwa kazi waliyoifanya mbele ya mlezi, bila kungoja majirani wakae mezani kukubaliana juu ya vyeti. Ukurasa kama huo haulazimu kungoja sheria mpya, kwa kuwa mwenye mali ana haki ya kuudai anapotangaza zabuni, na kazi ikiwa imekwisha kuanza, hata nyongeza ya mkataba inaruhusu.